Ini, Oni, Ati

Mjukuu wangu aliniuliza kwenye simu,
kwa lugha aliyozaliwa nayo huko Lesta:
uko wapi, Bibi?
Nikamjibu kwa Kiingereza changu cha wiki mbili
kwamba niko nyumbani.
Akacheka hata simu ikamponyoka.
Mama yake akaipokea: Mama,
umemwambia uko juu ya paa.

Ndiyo sababu, Mwalimu Shaame,
natoka Kizimbani baada ya isha na magoti yangu haya
nikakae dawati moja na watoto wa kidato cha pili,
mimi niliyekuonesha alifu kwa kijiti
nawe ukanitafunia chaki.
Leo chaki iko kwako. Haya, nifundishe.

Ukaandika ubaoni: ini.
Ini nalijua, la ng'ombe, la kukaangwa na vitunguu.
Ukaandika: ati.
Ati! Neno la wambea wa Bopwe:
ati Zuwena huko aliko hupika kwa umeme,
ati mwanawe hajui hata kusema maji.
Ukaandika oni, nami sikuona.

Kwetu ni moja tu, waipachika mwishoni
kama kifungo cha kanzu:
chunguni, kitandani, mlangoni, moyoni,
na mtu hapotei.
Akitaka kuhakikisha, kuna hapa, kuna huku, kuna humu.
Hapo nikasita na kalamu.
Kumbe na sisi tunazo tatu zetu,
ila hakuna aliyetwambia kuwa ni kazi.

Saa ni ati. Siku ni oni. Mwezi ni ini.
Hili nililipenda, sikufichi:
saa waigusa kwa ncha ya kidole,
siku waikalia,
mwezi waingia ndani ukajifungia.

Kani haikunisumbua. Kani ni nguvu,
mwenye kani anaweza.
Lakini ruhusa, ukasema, ruhusa ni mei,
na mimi nikauona mwezi wenyewe, mvua ya masika,
mtu haaniki hata leso
bila kuliomba wingu.

Masti ndiyo iliyonitoa jasho.
Mara tisa umenichorea wino mwekundu:
masti tu, masti tu.
Nilidhani lazima yao, kama yetu,
hutaka wa kuisindikiza.
Kumbe hutembea peke yake, tu, bila tu.

Jumatano Nabhani kapiga tena.
Bibi, utakuja?
Nikaukumbuka ubao wako:
nitakuja ni wili, ningekuja ni wudi.
Baina yao kwenye daftari ni mstari mmoja.
Baina yao kwangu ni pasi, ni viza,
ni karafuu za misimu miwili,
na karani nyuma ya kioo atakayeniuliza
nina nini huku cha kunirudisha.
Ningesema wili, ningemdanganya mtoto.
Ningesema wudi, angengoja ile "kama" yake,
na "kama" zangu hazihesabiki.
Nikanyamaza mpaka akadhani mtandao umekatika.

Ndipo nikakusubiri darasa litoke.
Nikakwambia, Shaame, nipe neno la katikati,
lisiloahidi wala kukataa.
Ukafuta ubao wote kwanza. Ukaandika herufi zake,
ukalitamka polepole:
maiti.

Astaghfirullahi, nikasema, nimekuomba neno,
hukuombwa sanda.
Ukacheka, ukaapa, ukanionesha kitabuni:
huenda. Maana yake ni huenda tu, Bi Mize.

Nilirudi nalo njia nzima, nikilitia na kulitoa kinywani
kama kokwa ya tende.

Ijumaa nikapiga mwenyewe.
Nilimwambia kwanza nilipo, na safari hii sikupanda paani.
Kisha: Ai maiti kamu, mjukuu wangu.
Akapiga kelele za furaha, kwake yeye
hilo ni jirani wa ndiyo.

Zuwena alikuwa anasikiliza pembeni,
Zuwena mwenye lugha zote mbili.
Yeye hakucheka.